Injini ya Babu Haitaki Oili ya Mjukuu

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma maneno haya gazetini, juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Tanga. Anasema marehemu baba yake, aliyekuwa karani wa serikali, amemwachia gari aina ya Volkswagen la mwaka 1965, lile la mgongo wa kobe. Gari hilo ndilo lililowapeleka shule yeye na ndugu zake, na ndilo lililomrudisha mama yao nyumbani kutoka hospitali kila alipojifungua. Mpaka leo linawaka. Lakini tangu mzee afariki hakuna aliyemwaga oili, na mama huyu anaogopa kulisafirisha.

Amewauliza mafundi watatu, akapata majibu matatu. Wa kwanza, kijana mwenye gereji nzuri, amemwambia anunue oili iliyo ghali kuliko zote dukani, ile nyepesi ya magari ya kisasa, kwa kuwa kizuri ni kizuri hata kwa mzee. Wa pili amemshauri atie oili nzito kuliko zote, kwa sababu injini imechakaa na Tanga kuna joto. Wa tatu amecheka, akasema gari la mkoloni halijui anasa: achukue oili ya bei ya chini kabisa, isiyotiwa dawa yoyote, kwani ndivyo zamani walivyofanya.

Mwishoni mwa barua kuna maneno machache ambayo nusura niyapite bila kuyatilia maanani. Anasema katika kidroo cha mbele cha gari wamekuta daftari la shule, na ndani yake baba yake aliandika tarehe, idadi ya maili, na kila mara herufi na tarakimu zilezile: HD 30. Mama anadhani ni namba ya duka. Anauliza: katika mafundi hawa watatu, ni yupi mkweli?

Jibu langu, ndugu msikilizaji, ni kwamba hakuna hata mmoja. Na si kwa sababu ni mafundi wabaya. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, akakifanya kuwa ukweli wote. Ili tuelewe walipoteleza yatupasa turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, maana swali la oili ya gari la zamani ni swali la historia kabla ya kuwa swali la duka.

Kabla ya petroli kujulikana, binadamu alilainisha ekseli za mikokoteni na mashine zake kwa mafuta ya wanyama na mafuta ya mimea. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima maarufu cha mafuta huko Titusville, jimbo la Pennsylvania, Marekani, na dunia ikaingia katika zama mpya. Miaka saba baadaye, mwaka 1866, daktari aitwaye John Ellis alikuwa akiyachunguza mafuta ghafi akitumaini kupata dawa ya binadamu. Dawa hiyo hakuipata. Alichokipata ni dawa ya vyuma: mafuta yaliyostahimili joto la injini za mvuke bila kugeuka gundi. Akaanzisha kampuni, na kuanzia mwaka 1873 bidhaa yake ikaitwa Valvoline, jina ambalo hata leo utaliona kwenye makopo.

Hata hivyo, mafuta ya mimea hayakukubali kushindwa upesi. Huko Uingereza, Charles Wakefield alianzisha kampuni yake mwaka 1899, na mwaka 1909 akatoa oili ya injini iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, yale tunayoyaita mafuta ya nyonyo. Jina la Kiingereza la mafuta hayo ndilo lililozaa jina la Castrol. Naam, nyonyo hii hii ambayo bibi zetu walitunywesha kijiko kizima tulipofunga choo! Ina sifa moja kubwa: hushikamana na chuma hata kikiwa cha moto sana. Marubani wa Vita Kuu ya Kwanza walioendesha ndege zenye injini za kuzunguka waliitegemea, kwa sababu petroli haikuweza kuiyeyusha kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba baada ya muda hugeuka ulimbo, ikaziba njia. Ndege ya vita injini yake ilifunguliwa mara kwa mara na kusafishwa. Gari la karani halikuwa na bahati hiyo.

Sasa tutazame magari yenyewe. Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, halikuwa na pampu ya oili. Gurudumu zito la injini lilichota oili likairusha, na iliyobaki ikarudi yenyewe kwa mteremko, ikilowesha vyuma njiani. Mfumo wa namna hiyo ulihitaji oili nyepesi inayoruka na kutiririka. Ukilitia gari hilo oili nzito kama asali, inabaki chini huku beringi zikilia kwa kiu. Kwa hiyo, fundi wetu wa pili, anayeamini kwamba uzee maana yake ni uzito, anapingwa na gari la kale kuliko yote aliyowahi kuyagusa.

Uzito huo, ambao kwa lugha ya shule huitwa mnato, ulianza kupewa namba mwaka 1911 na chama cha wahandisi wa magari wa Marekani, kinachojulikana kwa herufi SAE. Hapa wengi hukosea. Namba ile, iwe 30, 40 au 50, haisemi oili ni nzuri kiasi gani. Inasema tu ni nzito kiasi gani injini ikiwa na moto. Ukiona namba mbili, mathalani 20W-50, ile yenye W inaeleza jinsi oili inavyokuwa wakati wa baridi, maana herufi hiyo inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Oili ya namba mbili imetengenezwa isigande sana asubuhi wala isiwe maji matupu mchana. Kwa mtu wa Ulaya anayewasha gari penye theluji, hiyo ni neema kubwa. Kwa mtu wa Tanga, ambako hata alfajiri ya mwezi wa saba haimlazimishi mtu kuvaa koti, namba ya baridi haina uzito mkubwa katika uamuzi wake.

Baada ya uzito ikaja dawa. Katika miaka ya 1930 injini za dizeli za matrekta ya Caterpillar zilikuwa zikisumbua: ringi za pistoni ziling'ang'ania kwa uchafu ulioungua. Watengenezaji wa mafuta wakaanza kutia ndani ya oili kitu kinachofanya kazi kama sabuni, kinachoushika uchafu na kuuzuia usigande kwenye chuma. Oili ya namna hii ikaitwa ya kazi nzito, na kwa Kiingereza ikafupishwa kwa herufi mbili: HD. Ndugu msikilizaji, shika hapo, tutaparudia.

Katika miaka ya 1940 ikaongezwa dawa nyingine yenye zinki na fosforasi. Mwanzoni ilikusudiwa kuzuia oili isiharibike na beringi zisiliwe na kutu. Baadaye ikaonekana ina faida kubwa zaidi. Pale ambapo chuma kinakikandamiza chuma kwa nguvu hadi oili inafukuzwa katikati, dawa hiyo huacha utando mwembamba sana unaokubali kulika badala ya chuma. Mahali panapohitaji utando huo kuliko kwingine ni kwenye kamshafti. Katika injini nyingi za zamani, pembe ya kamshafti husugua moja kwa moja uso bapa wa tapeti ili kufungua valvu. Hakuna rola hapo, hakuna gurudumu; ni chuma kinateleza juu ya chuma, huku springi ya valvu ikisukuma kwa nguvu zote.

Ndipo tunapofika kwenye gari la mzee wetu. Magari haya ya mgongo wa kobe hayakuja huku kwa ajili ya mapambo. Mwaka 1953 yalipofanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, kupitia barabara za vumbi na matope za Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen ndiyo iliyotia fora. Ikashinda tena mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962. Baada ya hapo zikaja zama za Peugeot 404, na Bert Shankland wa hapa Dar es Salaam akachukua ushindi mwaka 1966 na 1967. Watu waliyaona magari hayo yakipita mbele ya nyumba zao yamejaa tope, na baadaye makarani, walimu na waganga wakakopa fedha wakayanunua.

Injini ya Volkswagen hiyo ina mambo matatu ambayo kila anayeitia oili lazima ayajue. Kwanza, haina maji. Hupozwa na upepo wa feni, na oili nayo hubeba sehemu kubwa ya joto. Pili, hubeba lita mbili na nusu tu, kiasi kidogo kwa kazi kubwa. Tatu, haina filta ya oili kama tunavyoijua leo. Ina chujio la waya tu, linalozuia vipande vikubwa na kuyaacha mavumbi yapite. Ndiyo maana waliolitengeneza waliagiza oili imwagwe kila baada ya maili 3,000, yaani karibu kilomita 5,000.

Na oili gani? Kitabu cha gari hilo kiliagiza oili ya kazi nzito, HD, na kwa nchi za joto uzito wake uwe SAE 30.

HD 30. Mama yangu wa Tanga, hiyo si namba ya duka. Ni jibu la swali lako, nalo lilikuwa kwenye kidroo muda wote. Baba yako alisoma kitabu cha gari lake, akakifuata kwa miaka yote hiyo, akakuandikia. Angalia tena daftari, utoe maili za mstari mmoja katika maili za mstari unaofuata. Sitashangaa ukikuta 3,000.

Kwa maneno hayo fundi wa tatu ameshajibiwa. Si kweli kwamba zamani magari yote yalitiwa oili isiyo na dawa. Taasisi ya petroli ya Marekani, API, tangu mwaka 1947 imekuwa ikiyagawa mafuta ya injini kwa madaraja, na kuanzia miaka ya 1970 ikatumia herufi tunazoziona hadi leo kwenye makopo: herufi ya kwanza S kwa injini za petroli, na ya pili ikipanda kwa mfuatano wa alfabeti. SA ni oili tupu isiyo na dawa, na taasisi yenyewe inaonya kwamba haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930. SB haifai kwa nyingi zilizotengenezwa baada ya 1951. Gari letu ni la mwaka 1965! Kulitia oili ya SA kwa sababu ni la zamani ni sawa na kumlisha mzee wa miaka sitini chakula cha wafu.

Fundi wa pili naye tumemgusa, lakini tumalizane naye. Injini hiyo ya Volkswagen ina kipozeo kidogo cha oili kilichosimama kwenye njia ya upepo wa feni. Pia ina valvu ya kupunguza shinikizo. Oili ikiwa nzito sana shinikizo hupanda, valvu hufunguka, na oili hurudi kuzunguka bila kupita kwenye kipozeo. Kwa hiyo mtu anayetia oili nzito akidhani anailinda injini na joto, anaweza kuwa anaifungia njia ya kupoa. Zaidi ya hayo, injini huumia sana katika zile sekunde za kwanza baada ya kuwashwa, kabla oili haijafika kila mahali, na oili nzito hufika ikiwa imechelewa.

Anabaki fundi kijana mwenye kopo la bei kubwa. Huyu ndiye wa kusikilizwa kwa makini zaidi, kwa sababu kosa lake linaonekana kama hekima.

Kuanzia magari ya mwaka 1975 huko Marekani, sheria za kulinda hewa ziliwalazimisha wenye viwanda kufunga kwenye ekzozi kifaa cha kusafisha moshi. Kifaa hicho kina maadui. Wa kwanza alikuwa risasi iliyotiwa kwenye petroli, nayo ikaondolewa. Adui mwingine ni fosforasi, ile ile inayoilinda kamshafti. Kila injini huunguza oili kidogo, na fosforasi iliyomo huenda na moshi na kukifunika kifaa kile mpaka kikafa. Basi watengenezaji wakakubaliana kuipunguza. Katika oili nyepesi za magari madogo kiwango cha juu kiliwekwa asilimia 0.12 katika miaka ya mwanzo ya 1990, kikashushwa hadi 0.10 mwaka 1996, kisha hadi 0.08 lilipotoka daraja la SM mwaka 2004.

Magari mapya hayakudhurika, kwani mengi yao kamshafti husukuma kwa rola na hazisugui kwa nguvu kama zamani. Lakini wenye magari ya kale huko Marekani wakaanza kulalamika kwamba kamshafti zao zinalika upesi, hasa zilizofungwa mpya. Wako waliolaumu chuma hafifu cha spea za siku hizi, na hawakukosea kabisa. Hata hivyo, funzo lilibaki: oili ilikuwa imebadilika kwa ajili ya gari jingine, na gari la zamani halikuulizwa.

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo ilipo nukta ya mazungumzo yetu. Oili ya kisasa si mbaya. Ni bora kuliko zote zilizoitangulia, kwa injini iliyokusudiwa. Anayeitia kwenye injini ya mwaka 1965 hanunui ubora, ananunua majibu ya swali ambalo injini yake haikuuliza. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa mama wa Tanga anunue nini? Atafute oili ya madini, si ile nyepesi ya 5W-30 au 0W-20. Ikipatikana ya namba moja, SAE 30, yenye daraja la SF au la juu yake, hiyo ndiyo HD ya baba yake katika nguo za siku hizi. Asipoipata, 15W-40 yenye herufi za petroli na za dizeli kwa pamoja, kama SL na CI-4, itamfaa. Vile viwango vidogo vya fosforasi niliyovitaja viliwekwa kwa oili nyepesi. Hizi nzito kidogo hazikubanwa navyo. Wala asidanganywe kununua chupa za dawa za kuongeza zinki bila kipimo, kwani dawa hiyo ikizidi nayo hula chuma.

Tahadhari mbili. Kama gari limekaa muda mrefu, ndani yake kuna tope jeusi, na oili yenye sabuni italibandua. Kwa kuwa hakuna filta, asisubiri maili 3,000. Atembee kilomita mia tano, amwage, afungue chujio, alioshe, atie nyingine. Pili, anunue kopo lenye lakiri na kwenye duka analoliamini. Sote tunajua makopo yanavyookotwa, yakajazwa oili iliyokwisha kutumika na kuuzwa upya. Oili ya jana katika kopo la leo ni hasara kuliko yote tuliyoyasema. Na ile anayoimwaga asiimwage mtaroni wala nyuma ya nyumba. Aiweke kwenye dumu, ampe fundi anayejua inakopelekwa, maana ikifika kisimani hakuna chujio la kuitoa.

Nimalizie kwa jambo linalonisumbua. Yule mzee hakuwa fundi, alikuwa karani. Lakini alilijua gari lake kuliko mafundi watatu wa leo, kwa sababu alisoma kitabu chake na akaandika alichofanya. Katika gereji zetu, kuanzia Gerezani hadi Ngamiani, wapo bado wazee wachache waliozifungua injini hizi zilipokuwa mpya. Ujuzi wao haumo kwenye makopo wala kwenye kompyuta za kupimia magari. Uko vichwani mwao, nao wanaondoka mmoja mmoja. Mwenye gari la zamani aende akawaulize, na aende na daftari.

Mama yangu wa Tanga, mstari unaofuata katika daftari lile ni wako. Andika tarehe, andika maili, kisha andika kama alivyoandika yeye.